Mpaka Maji Yaseme

Kutakata ni nchi safi. Maneno hayo si yangu, ni ya Katiba yao, ibara ya kwanza kabisa, inayotangulia hata ile inayoeleza nchi yenyewe iko wapi: "Kutakata ni nchi safi, imekuwa safi, na itaendelea kuwa safi hata ikichafuka." Mgeni akishuka uwanja wa ndege huvuliwa viatu vikapigwe brashi, kisha hurudishiwa kimoja, kingine kikibaki kwa uchunguzi zaidi. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa usafi ndivyo ulivyo, nawe utakwenda zako ukichechemea.

Basi povu lilipoanza kuonekana juu ya Mto Nyange, jeupe na zito, likipanda mpaka magotini mwa ng'ombe, Serikali haikushtuka. Wizara ya Maji, Unyevu na Umande ilitoa tamko kwamba mto umefurahi, na kwamba furaha ya mto, kitaalamu, hutoka kwa njia ya povu. Samaki walioonekana wakielea matumbo juu walikuwa wamelewa furaha hiyo, wasisumbuliwe. Wananchi waliombwa nao wafurahi.

Juu kidogo ya hapo palikuwa na Kiwanda cha Sabuni ya Uzalendo, mali ya Mheshimiwa Shomvi Ndundule, na kiwanda kilikuwa na bomba moja nene lililomwaga mtoni kutwa kucha. Ikatokea kwamba Mheshimiwa Ndundule ndiye pia aliyekuwa Waziri wa Maji, Unyevu na Umande. Msije mkadhani aliyafumbia macho mambo. Waziri alimwita mwenye kiwanda ofisini kwake, akasimama mbele ya kioo, akamhoji kwa ukali mpaka jasho likawatoka wote wawili. Mwenye kiwanda alikana katakata, na Waziri akaridhika.

Sabuni yenyewe ilikuwa inawasha. Watu walipoanza kunong'ona kwamba nafuu yake ni kuisuuza haraka, Waziri alipitisha Amri ya Kutosuuza: kila mtumishi wa umma ataoga kwa Sabuni ya Uzalendo, atafulia nguo zake kwa Sabuni ya Uzalendo, wala hataisuuza, kwa kuwa kumwaga uzalendo chini ni usaliti. Kila ofisi iliwekewa mnusaji mlangoni, mtu mwenye pua nzuri, wa kuhakikisha kila anayeingia ananukia taifa. Ndiyo maana ungeingia kwenye kikao chochote cha Kutakata ungewakuta wakubwa wanajikuna shingo, kwapa na mapaja, na magazeti yakaandika kesho yake kwamba viongozi walikuna vichwa kutafuta ufumbuzi. Wananchi wa kawaida waliponea bei. Sabuni hiyo hawakuimudu.

*

Ukingoni mwa mto, chini ya lile bomba, alikuwapo mama mmoja, Bi. Mashavu, mkulima wa mchicha. Mchicha wake ulianza kuungua ncha, ukawa unanyauka huku umeloa. Yeye na majirani zake wakaacha kabisa kuyagusa maji ya mto. Wakawa wanapanda mlimani kuteka chemchemi, wanasugua vyombo kwa jivu na miili kwa dodoki, maisha yanakwenda. Siku moja sokoni mteja akamwuliza, "Mama, mbona mchicha wako siku hizi umekuwa hivi?"

"Maji yana povu, mwanangu," alijibu, akaendelea kufunga mafungu.

Hakusema zaidi ya hapo. Lakini watu wa Usalama wa Maji, ambao msimu ule walivaa kama wanunuzi wa nyanya, walikuwa wamesimama meza ya jirani wakibonyezabonyeza nyanya. Walimbeba yeye na kapu lake.

Shitaka lilikuwa kuyasingizia maji. Kwa vile maji yenyewe hayawezi kupanda ngazi za mahakama, Mheshimiwa Ndundule alikuja kuyasemea. Aliomba aletewe glasi ya maji ya mto ili awasiliane na mlalamikaji, na Maabara Kuu ya Maji ikaagizwa ilete. Aliyeileta alikuwa mkemia wa maabara, mwanamke aitwaye Sikudhani, na Sikudhani alikuwa mtoto pekee wa Bi. Mashavu. Sijui kama ni bahati mbaya au ni ufundi wa Waziri. Alitembea nayo kutoka mlangoni mpaka mbele, akipita kando ya kizimba, mama yake akimwangalia, na mkono wake haukutetemeka kwa sababu alikuwa ameukaza mpaka mifupa ikamuuma.

Waziri aliitwaa glasi akaiweka sikioni. Akafumba macho, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Yameumia sana. Hayataki kusema na mtu."

Hakimu alimeza mate, akatoa hukumu. Mshitakiwa atafungwa mpaka maji yenyewe yamsamehe.

"Na tutajuaje yamesamehe?" aliuliza Sikudhani. Hakuruhusiwa kuuliza, lakini aliuliza.

Waziri alimtazama kwa upole ule wa mtu aliyeshiba. "Binti yangu," akasema, "yatasema yenyewe."

*

Siku za kutembelea wafungwa Sikudhani alisimama nyuma ya wavu, mama yake upande wa pili. Mwanzoni Bi. Mashavu alitania. Alisema uji wa jela ni mwepesi kiasi kwamba ukiuinamia unaona sura yako, na kwamba heri huku paa halivuji. Alimwuliza Sikudhani kama anakula, kama bado anakaa na kichwa kitupu juani. Kisha miezi ikapita, na utani ukapungua. Siku moja alikuja na kikombe chake cha bati mkononi, kina maji nusu.

"Jana kidogo yaseme," alinong'ona. "Nilisikia kama yanakohoa. Hebu sikiliza wewe, una masikio mazuri."

Akakisogeza kikombe kwenye wavu. Sikudhani aliinama, akaweka sikio, akasikiliza maji ya jela yasiyosema kitu, kwa sababu angefanya nini? Alipoinuka akamwambia mama yake, "Bado, mama." Bi. Mashavu akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa.

Siku hiyo Sikudhani alirudi maabara akakaa juu ya kigoda bila kuvua koti. Hakulia. Wapo wanaosema kwamba mtu akionewa hutaka haki, na mimi siwabishii, lakini huyu haki alikuwa ameshaiona mahakamani, imevaa joho, inameza mate. Alichokitaka ni Ndundule. Alitaka kumwona amefungiwa, amevuliwa maneno yake yote, amebaki na kikombe. Alilitaka jambo hilo jinsi mwenye kiu anavyotaka maji, na hakuona haya.

Maabara Kuu ya Maji ilikuwa mahali tulivu pa kuwazia mambo kama hayo, maana hapakuwa na kazi. Majibu ya vipimo yalitangulia sampuli, ili sampuli zisije zikayapotosha. Lakini stoo kulikuwa na maboksi ya wafadhili, yaliyopanguswa vumbi kila wageni walipokuja na kurudishwa yalipokuwa. Sikudhani akayafungua. Humo alikuta vichupa vya rangi ambayo mwanafunzi yeyote wa kemia ameisoma na hakuna mtu Kutakata aliyewahi kuitumia.

Rangi hiyo ina tabia yake. Ukiitia kwenye maji matupu, hujikunyata, ikawa kama haipo. Imulike utakavyo, giza. Lakini sabuni ikiwamo, mambo hubadilika. Chembe za sabuni, zikiwa nyingi, hukusanyika vikundi vikundi ndani ya maji, migongo nje, na rangi hujipenyeza katikati yao, ikapata mahali pa kujisitiri. Hapo ukiimulika kwa taa ya zambarau, huwaka kijani. Sabuni ikizidi, inawaka zaidi. Haiulizi sabuni ni ya nani wala imepita mlango gani.

Aliyachukua maji ya mto juu ya bomba, akatia rangi, akawasha taa: giza. Akachukua ya chini ya bomba. Chumba kizima kikawa kijani mpaka darini. Alikaa akiyatazama, na kwa mara ya kwanza tangu mama yake achukuliwe akacheka peke yake, kicheko kibaya.

*

Sasa hapo ndipo povu lilipofanya kosa la kisiasa. Lilipanda darajani. Msafara wa Mtukufu Baba, mkuu wa nchi, ukaingia ndani yake na ukapotea kwa muda. Gari lake lilipotokeza upande wa pili, bendera ilikuwa haionekani, na Mtukufu Baba akateremsha kioo akauliza, "Hiki ni nini?" Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia ni furaha.

Mheshimiwa Ndundule alihitaji mkosaji upesi. Akaiita Maabara, na Maabara ikamleta Sikudhani.

"Wewe si mtoto wa yule mama wa povu?"

"Ndiye mimi, Mheshimiwa."

"Hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Mwambie namwombea kwa maji." Waziri alijikuna shingo. "Nasikia una dawa inayoona sabuni."

Sikudhani akaweka glasi mbili mezani, moja ya chemchemi, moja ya mto, akazitia rangi, akafunga mapazia, akawasha taa. Moja ikabaki giza. Nyingine ikawaka usoni kwa Waziri. Katibu Mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti na mafaili kwapani, alirudi hatua, kwa sababu pale mezani kulikuwa na maneno ambayo watu wamefungwa kwa kuyasema.

"Unataka kuniambia mto wangu una sabuni?" Waziri aliuliza polepole.

"Mto hauna kosa, Mheshimiwa. Kuna mtu ameutia. Nani, mimi sijui, mimi ni mtu wa vichupa. Ila rangi hii ukimpulizia mtu, kama ana sabuni mwilini, atawaka hivyo hivyo."

Alikuwa amejifunza kwamba wakubwa wa Kutakata hawapokei wazo mpaka wameliokota wenyewe. Alitazama chini akaanza kufunga kichupa, na akilini alikuwa anamwomba, okota, baba, okota.

"Wafuaji!" alisema Ndundule akipiga meza. "Wale wanawake wa ukingoni. Wanafua mtoni mchana na usiku. Nilijua siku nyingi."

"Mheshimiwa umeona mbali," alisema Sikudhani.

Sheria ya Mng'ao ilipitishwa wiki hiyo hiyo. Yeyote atakayeng'aa ndiye aliyeuchafua mto. Atakamatwa papo hapo, hana dhamana, hana rufaa, atawekwa chumba cha wahalifu wa maji na kusuuzwa kila siku kwa maji ya Taifa mpaka azimike. Waziri alimsomea Sikudhani rasimu hiyo kwa sauti, kwa vile alipenda kujisikia akisoma, akamwuliza kama kitaalamu imekaa vizuri.

"Imekaa, Mheshimiwa. Labda mwishoni iongezwe 'bila kujali cheo.' Wafadhili hupenda hayo maneno."

"Bila kujali cheo," Waziri alirudia, akayaonja mdomoni. Yalimpendeza. Aliagiza yawekwe mwanzo, katikati na mwisho.

Je, hakuwaza kwamba yeye mwenyewe alikuwa amepakwa sabuni kuanzia utosini mpaka kwenye soksi? Hakuwaza, na msimcheke. Katika akili ya Ndundule sabuni ni kitu kilichoko kwa wafuaji. Kilichoko mwilini mwake ni uzalendo. Katibu Mkuu ndiye aliyewaza. Alilala macho wazi juu ya jambo hilo, lakini Kutakata mdogo hamwambii mkubwa neno ambalo mkubwa hajalisema kwanza, kwa hiyo alichukua likizo ya ugonjwa akaenda kwao.

*

Ipo desturi nyingine ya Kutakata ambayo lazima niieleze hapa, maana bila hiyo mama wa watu angekuwa ndani mpaka leo. Inaitwa Kutangulia. Hakuna jambo linaloanza katika nchi ile mpaka mkubwa ametangulia kulifanyiwa. Daraja likijengwa, mkubwa huvuka kwanza. Shule ikifunguliwa, mkubwa huketi dawati la mbele akafundishwa kuandika a. Wodi ya wazazi ilipozinduliwa, Waziri wa Afya, mwanamume mwenye ndevu, alilala kitandani akapigwa picha anasukuma, na wakunga wakamwambia jikaze, bado kidogo. Kwa hiyo wanawake wa ukingoni wasingepuliziwa mpaka Mheshimiwa Ndundule apuliziwe mbele ya taifa.

Hema kubwa lilisimamishwa kando ya mto, limefunikwa maturubai meusi pande zote ili mng'ao uonekane. Ilikuwa saa sita mchana. Ndani mle palikuwa na joto la kuivisha maandazi. Wakubwa walijaa mistari ya mbele, suti nzito, vitambaa shingoni, wakitota jasho. Sabuni iliyokaukia miilini mwao kwa miezi ikaanza kulainika, na ukitega sikio ungesikia makwapa yakifoka povu. Nyuma walisimamishwa wanawake wa ukingoni, wamefungwa kamba ya mkonge kiunoni mmoja mmoja wasije wakakimbia. Walikuwa wameoga chemchemi asubuhi, kama kawaida yao.

Waziri alihutubia. Alisema maji ni uhai, na uhai ni maji, na kati ya viwili hivyo yupo Waziri. Alisema adui wa maji ana beseni. Alisema siku hii mwanga utamfichua mwovu, bila kujali cheo, na akarudia bila kujali cheo mpaka makofi yakachoka. Kisha akapanda jukwaani, akanyoosha mikono pembeni, akafumba macho apuliziwe.

Sikudhani alikuja na bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya mimea. Lilikuwa la mama yake, lile la mchichani, mkanda wake umeungwa kwa kitambaa cha khanga. Ndani yake alikuwa ametia maji ya chemchemi na rangi. Alipiga pampu taratibu. Alimpulizia uso, masharubu, kola, kwapa, mgongo, akazunguka, akarudi mbele, hakubakisha hata nyuma ya masikio. Na manyunyu ya pampu yakawamwagikia waheshimiwa wa mstari wa kwanza, ambao walipiga makofi kwa kubahatika. Kifuani mwake moyo ulikuwa unadunda kwa furaha mpaka akaogopa utasikika. Kisha akatoa ishara, na taa za zambarau zikawashwa.

Ndundule aliwaka. Aliwaka masharubu, kope, kucha, suti nzima mpaka mishono. Kijani kile kilimtiririka na jasho kikadondoka jukwaani, nalo jukwaa likawaka. Alifumbua macho, akaitazama mikono yake, akatabasamu, kwani alidhani ni heshima aliyoandaliwa.

"Tazameni," alisema. "Hata mwili wangu unashangilia."

Mstari wa kwanza nao ulikuwa unashangilia. Nyuma, mahali walipokuwa wanawake wa ukingoni, palikuwa giza tupu kama vile hapakuwa na mtu. Kutoka ndani ya giza hilo sauti ya mama mmoja ikasema, kwa mshangao wa dhati, "Kumbe ni wao."

Wapo watumishi wa umma ambao wasingeng'aa hata kama wangepuliziwa. Ni askari jela. Mgao wao wa sabuni ulikuwa umeuzwa na wakubwa njiani tangu siku ya kwanza, nao walikuwa wakijisugua kwa jivu kama raia. Mkuu wao, Afande Kitwana, mtu asiye na maneno mengi wala mawazo mengi, alikuwa amepewa agizo moja asubuhi ile, na alikuwa amelishika. Akapanda jukwaani na pingu.

"Mheshimiwa, unang'aa."

"Najua. Piga makofi."

"Anayeng'aa nimkamate."

"Wewe, hii si sabuni. Huu ni uzalendo."

Afande alifikiri. "Sheria haikutaja uzalendo, Mheshimiwa. Imetaja kung'aa."

Hapo ndipo mstari wa kwanza ulipoelewa. Waheshimiwa walipasua maturubai kwa meno na kukimbilia juani, ambako mng'ao hauonekani, na inasemekana mpaka leo viongozi wa Kutakata hawakanyagi kivuli. Hata vikao vyao huvifanyia uwanjani, jua la utosi. Ndundule alikuwa juu, amebanwa kati ya ngazi nyembamba na Afande. Alimtafuta Katibu Mkuu, hakumwona. Akamtazama Sikudhani, aliyesimama pale chini na bomba la mama yake mgongoni, na Sikudhani akamtazama mpaka akaona kwamba ameelewa. Alikuwa ameungojea muda huo, na ulikuwa mtamu kuliko alivyotarajia.

Mtukufu Baba alipopata habari alisema hamfahamu mtu huyo. Waziri mpya akaapishwa jioni, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba Mto Nyange haujawahi kuwa na povu.

*

Bi. Mashavu hakuachiwa kwa msamaha. Aliachiwa kwa itifaki. Jela ilikuwa na chumba kimoja tu cha wahalifu wa maji, na kanuni zinakataza mtu aliyewahi kuwa Waziri kulala chumba kimoja na raia, kwa hiyo raia akatolewa apishe. Sikudhani alimkuta getini na kapu lake, amekonda, anapepesa macho juani.

"Yamesema?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Yamempata mwenyewe."

Bi. Mashavu akawageukia askari. "Nasikia mtu huyo anasuuzwa kila siku," akasema. "Niachieni mimi. Nina mkono mzuri wa kusuuza."

Afande hakuona kipengele kinachokataza. Ikawa kila asubuhi Bi. Mashavu anateka ndoo mtoni, chini ya bomba, maji ya Taifa kama sheria inavyotaka, anamwambia Mheshimiwa inamisha kichwa, anammwagia. Afande anampulizia rangi, anawasha taa. Ndundule anang'aa kuliko jana. Aliomba maji ya chemchemi. Akakumbushwa waraka wake mwenyewe, kwamba maji yasiyotoka mtoni ni haramu katika taasisi za umma. Aliomba chupa zake za maji ya ng'ambo, zilizojaa nyumbani kwake. Hayo waraka uliyaita uhaini. Ngozi ilikuwa inamwasha mpaka anajisugua ukutani. Sikudhani alikuja kila mara maabara ilipofungwa, akasimama nyuma ya wavu ule ule, akatazama.

Siku moja ndoo ilipoinuliwa Ndundule akaushika mkono wa Bi. Mashavu. "Basi," akapiga kelele. "Utanisuuza mpaka lini na sabuni? Haya maji yana povu! Ni bomba langu, mjinga wewe, ni bomba langu lile!"

Bi. Mashavu alitoa mkono wake taratibu.

"Maji yana povu," alisema. "Hivyo ndivyo nilivyosema." Akainua ndoo tena. "Inama, baba. Bado nyuma ya masikio."

Ndundule alituma amri kiwandani kwake siku hiyo hiyo: bomba lizibwe kwa zege. Mto ukaanza kupumua. Povu likakatika, maji yakarudia rangi yake ya kawaida, na ukingoni mbegu za mchicha zilizodhaniwa zimekufa zikachipua. Ndoo za Bi. Mashavu zikawa safi, na kila asubuhi Mheshimiwa akafifia, mpaka ikafika siku taa iliwashwa na hapakuwa na kitu ila mzee aliyelowa. Alicheka, akaomba suti yake.

"Suti ipo," alisema Afande Kitwana. "Lakini kuna lile ulilosema."

"Nilisema nini?"

"Ulisema maji yana povu. Waziri mpya anasema hayajawahi kuwa nalo. Maabara imeyapima leo, giza tupu. Umeyasingizia."

Hakimu alikuwa yule yule, na mate yalikuwa yale yale. Aliuliza nani atayasemea maji, kwa kuwa aliyekuwa anayasemea ndiye mshitakiwa, na Maabara Kuu ikamtaja mkemia wake. Sikudhani alitembea na glasi kutoka mlangoni mpaka mbele, akipita kando ya kizimba. Safari hii hakuukaza mkono. Akaiweka glasi sikioni, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Yameumia sana," alisema. "Hayataki kusema na mtu."

Watakuwapo wa kusema angesamehe. Wakasamehe wao. Jela ipo, siku za kutembelea zipo, na mfungwa huyo hana mgeni mwingine isipokuwa mmoja, ambaye hakosi. Huja na glasi ya maji ya Mto Nyange, maangavu mpaka unaona vidole vyake upande wa pili. Ndundule husogea mpaka wavu unamwachia alama usoni.

"Leo je?" huuliza. "Yamesema?"

Sikudhani huiweka glasi sikioni. Husikiliza kwa utulivu, hana haraka, mpaka mzee anaacha hata kujikuna.

"Bado, Mheshimiwa," humwambia. Kisha huyanywa yote.